USITUPE BETRI KABLA HUJAPIMA MOTOKAA

Shauri kwa wakulima wenye pikapu katika Ganze na sehemu za jirani

Wakulima wengi wa Ganze, Bamba, Vitengeni na Jaribuni hutegemea pikapu. Ndiyo ipelekayo mbuzi katika soko la Bamba, ndiyo ichukuayo mahindi, pojo na korosho mpaka Kilifi, na ndiyo irudishayo mbegu, chumvi ya ng'ombe na mapipa ya maji wakati wa kiangazi. Na usiku, mtu akiugua, majirani hawamwulizi mwenye pikapu kama ana nafasi. Hubisha hodi tu. Kwa hiyo pikapu isiyowaka si shida ya mwenyewe peke yake, bali ni shida ya kijiji kizima.

Katika maradhi yote ya motokaa, hakuna lisumbualo kama lile la chaji ijayo na kupotea. Leo gari lawaka vizuri, kesho limelala. Likipelekwa kwa fundi, fundi hupima na kusema, "Chaji iko." Mwenyewe hulipa, hurudi nyumbani, na kabla ya juma moja kwisha gari limelala tena. Ugonjwa huu ni kama homa ya vipindi: mgonjwa akifika kwa daktari, homa imekwisha kushuka.

YALIYOMPATA MZEE MMOJA

Mzee mmoja wa upande wa Bamba alikuwa na pikapu ya dizeli, kuukuu lakini yenye nguvu. Siku moja asubuhi haikuwaka. Akafikiri betri imekufa, akanunua mpya. Baada ya mwezi na nusu, betri mpya nayo ikalala. Akaambiwa ni altaneta, yaani ile mashine itengenezayo umeme wa gari. Akauza mbuzi wanne, akanunua altaneta. Gari likaenda vizuri majuma matatu, kisha mambo yakawa yale yale. Akanunua betri ya pili.

Usiku mmoja jirani yake akaja kubisha hodi. Binti yake alikuwa katika uchungu wa kuzaa, na mambo hayakuwa mazuri. Mzee akatia ufunguo, akasikia "tik" tu. Wanaume sita wakaisukuma pikapu mpaka ikawaka, wakaenda Kilifi kwa taa hafifu kama za kandili. Mtoto alizaliwa salama, lakini mzee hakulala usiku ule. Alisema baadaye, "Niliogopa kila tulipofika kwenye shimo, maana injini ingezimika pale, nani angesukuma?"

Juma lile alimwendea kijana mmoja, fundi wa waya. Kijana hakuleta spana kwanza. Aliuliza maswali.

"Baba, taa nyekundu ya betri huwaka mkiwa njiani?"

"La, mwanangu. Haiwaki hata kidogo. Ndiyo maana nikasema betri ni mbovu."

"Na ubaya huu huja lini? Barabara nzuri au mbaya?"

Mzee akafikiri. "Nikitoka Kilifi kwenye lami taa za mbele zina nguvu. Nikiingia kwenye mawe zinacheza-cheza na kufifia. Na siku nyingine stata huvuta kwa nguvu, siku nyingine husema tik."

Basi kijana akachukua mita yake, akawasha injini na taa za mbele, akapima. Nyuma ya altaneta alipata volti 14.3, ambayo ni kipimo kizuri kabisa. Kwenye betri alipata volti 14.1. Kila kitu kilikuwa kizuri, kama mafundi wengine walivyosema. Lakini yeye hakuishia hapo. Alimwomba mwenzake atikise waya nene zote moja moja, naye akiitazama mita kwenye betri. Waya ile nene itokayo upande wa hasi wa betri kwenda kwenye injini ilipotikiswa, mita ilishuka ghafula mpaka volti 12.3. Altaneta yenyewe ilibaki 14.3 vile vile.

Akaweka ncha moja ya mita kwenye bodi ya altaneta na ncha ya pili kwenye kichwa cha hasi cha betri. Ikaonyesha volti 1.9, mahali ambapo pasingefaa kuonekana zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti. Umeme ulikuwa unapotea njiani.

Walipokata mpira wa waya ile karibu na bolti ya injini, walikuta nyuzi nyingi za shaba zimekatika na kugeuka unga wa kijani. Nyuzi chache tu zilikuwa zikishika. Gari likisimama mbele ya gereji, nyuzi zinagusana na chaji ipo. Gari likitikiswa na mawe, zinaachana. Waya mpya na bolti iliyosafishwa ndizo zilizoponya gari lile. Betri mbili na altaneta moja zilinunuliwa bure.

JINSI CHAJI INAVYOFANYA KAZI

Ni vema kila mwenye pikapu afahamu jambo hili, kwani halina ugumu. Betri ni kama ghala, na altaneta ni kama shamba. Ghala huwasha stata asubuhi. Baada ya hapo shamba ndilo linalolisha taa na vyombo vyote, na linalojaza ghala. Mkanda wa injini huzungusha altaneta, na ndani yake kuna regyuleta ambayo hupima umeme usizidi wala usipungue.

Njia ya umeme ni duara. Hutoka altaneta kwa waya nene mpaka upande wa chanya wa betri, nao hurudi kutoka upande wa hasi kwa njia ya waya ya athi mpaka kwenye injini na bodi ya altaneta. Watu wengi huitazama njia ya kwenda na kuisahau njia ya kurudi. Lakini daraja likivunjika, msafiri hafiki, liwe daraja la kwenda au la kurudi.

Ndiyo maana taa nyekundu ya mzee yule haikuwaka. Altaneta yenyewe ilikuwa nzima, na ikijipima ilijiona inafanya kazi yake vizuri. Haikujua kwamba mavuno hayafiki ghalani.

Fikiri hasara yake. Taa mbili za mbele peke yake hula kiasi cha ampea 10. Betri ya ampea-saa 60, hata ikiwa mpya na imejaa, haiwezi kuzilisha zaidi ya saa sita hivi. Na iliyozeeka hufa mapema sana. Katika pikapu nyingi za dizeli kuna kifaa kidogo cha umeme kwenye pampu ambacho hufungua njia ya mafuta. Betri ikifa kabisa, kifaa hicho hufunga, na injini huzimika njiani.

VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Mita ndogo ya umeme huuzwa katika maduka mengi ya vyombo vya umeme, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri. Vifuatavyo ni vipimo vya gari la volti 12:

Injini imezimwa na gari limepumzika usiku kucha: volti 12.6 betri imejaa, 12.4 imepungua kidogo, 12.2 imebaki kama nusu, 12.0 iko karibu kwisha.

Injini inafanya kazi: kati ya volti 13.8 na 14.5 ni vizuri. Injini ikiwa moto sana inaweza kushuka kidogo chini ya hapo, nayo si ajabu. Chini ya 13 ni dalili ya ubaya. Zaidi ya 15 ni hatari: regyuleta imeharibika na betri itachemka.

Wenye magari ya miaka ya karibuni yanayotawaliwa na kompyuta waangalie: mengine hushusha chaji kwa makusudi ili kupunguza mafuta. Gari la namna hiyo lipimwe kwa kitabu chake.

FUATA MPANGO HUU

Kwanza, andika. Chukua daftari la shule uliweke ndani ya gari. Kila ubaya ukija, andika: ni asubuhi injini ikiwa baridi, au mchana ikiwa moto? Kuna mvua? Barabara ni ya mawe? Taa zinawaka? Taa nyekundu ilionekana au la? Baada ya majuma mawili daftari litakwambia mengi. Ubaya ujao kwenye mawe mara nyingi ni waya au bolti iliyolegea. Ubaya ujao injini ikiwa moto mara nyingi umo ndani ya altaneta. Ubaya ujao wakati wa mvua pamoja na kelele ya kulia mara nyingi ni mkanda unaoteleza.

Pili, tazama mkanda. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Usishuke zaidi ya sentimita moja hivi. Ukiwa unang'aa kama kioo ubavuni, au una nyufa, badilisha. Usikaze kupita kiasi, maana utaua beringi za altaneta.

Tatu, safisha vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani ni adui wa umeme. Chukua magadi ya jikoni, yayeyushe katika maji ya moto, mwagia vichwa mpaka povu likome, kisha suuza na kukausha. Angalia maji ya magadi yasiingie ndani ya betri. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha pakaa grisi juu. Ukifungua, anza na upande wa hasi. Ukifunga, upande wa hasi uwe wa mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi hakutakuwa na cheche.

Nne, tazama taa nyekundu. Geuza ufunguo bila ya kuwasha injini. Taa ya betri lazima iwake. Isipowaka, huenda balbu imeungua au waya ndogo imekatika. Msidharau jambo hili. Katika magari mengi ya zamani umeme mdogo upitao katika balbu ile ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, altaneta huweza kulala mpaka injini ikanyagwe sana, na siku nyingine isiamke kabisa. Watu wamenunua altaneta mpya kwa sababu ya balbu moja ndogo.

Tano, ukamate ubaya ukiwapo. Hili ndilo jambo la maana kupita yote. Kipimo kilichofanywa wakati gari ni zima hakithibitishi kitu. Chukua mita pamoja nawe, na siku ubaya ukija, simama mahali salama, acha injini ifanye kazi na taa ziwake, upime mahali pawili: nyuma ya altaneta kwenye bolti ya waya nene na bodi yake, kisha kwenye vichwa vya betri.

Ikiwa altaneta ina 14 na betri ina 12, altaneta ni nzima. Ubaya uko njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye bolti ya altaneta na nyingine kwenye chanya cha betri. Kisha pima bodi ya altaneta na hasi cha betri. Upande utakaoonyesha zaidi ya volti 0.3 ndio wenye ubaya. Fuata waya, bolti na fyuzi kubwa ya upande ule, moja moja, ukitikisa.

Ikiwa altaneta na betri zote mbili zina 12, na mkanda ni mzuri, na waya ndogo za nyuma ya altaneta zimeshika vizuri, basi hapo ndipo altaneta yenyewe ifunguliwe. Mara nyingi kilichokwisha ni kaboni zake, vipande viwili vidogo visuguavyo. Zikibaki fupi hugusa na kuachia, na vumbi letu huzimaliza upesi. Fundi anaweza kuzibadilisha bila ya kununua altaneta nyingine.

Wakati wa kupima injini ikifanya kazi, ondoa kanga, shuka au mkono mrefu wa shati karibu na mkanda na feni. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu na betri, kwani ikijazwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Asidi ikigusa ngozi au jicho, osha mara moja kwa maji mengi, na ukiwa ni jicho nenda hospitali.

DESTURI MOJA IACHWE

Kuna mafundi wengine ambao hupima chaji kwa kutoa kichwa cha betri injini ikiwa inafanya kazi. Injini ikiendelea, husema chaji iko. Desturi hii imetoka zamani za dainamo. Mashine ile ilistahimili mambo mengi. Lakini kuanzia miaka ya 1960 magari yalianza kutumia altaneta yenye dayodi. Valiant ya Chrysler ya mwaka 1960 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutolewa kiwandani hivyo. Betri ikitolewa ghafula, altaneta hupandisha umeme kwa nguvu kubwa kwa kitambo kidogo kabisa, nao huweza kuunguza dayodi, regyuleta, redio na kompyuta ya gari. Kwa hiyo gari lililokwenda kupimwa likiwa zima hurudi likiwa bovu. Fundi akitaka kufanya hivyo, mkataze kwa heshima, umwombe atumie mita.

WENYE HILUX ZA ZAMANI WAANGALIE BREKI

Katika pikapu nyingi za dizeli za zamani, kama Toyota Hilux za injini ya 2L na 3L, nyuma ya altaneta kuna pampu ndogo ya kuvuta hewa. Pampu hii ndiyo isaidiayo breki. Hulainishwa kwa mafuta ya injini, na sili yake ikichoka mafuta huingia ndani ya altaneta, yakalowesha kaboni. Hapo chaji huanza kuja na kupotea. Ukiona altaneta imelowa mafuta nyeusi, usibadilishe kaboni tu. Badilisha sili, la sivyo utarudi gereji baada ya muda mfupi.

Tena kumbuka: katika gari la namna hii mkanda ukikatika, si chaji tu ipoteayo. Breki nazo huwa ngumu kama jiwe baada ya kukanyagwa mara chache. Mwenye mzigo wa mahindi anayeteremka mlima asidharau mkanda uliochakaa. Weka mkanda wa akiba nyuma ya kiti.

IKIWA CHAJI NI NZURI, LAKINI BETRI HULALA USIKU

Ikiwa umepima mchana ukapata 14, na waya zote ni nzuri, lakini asubuhi betri imelala, huenda kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limesimama: redio, king'ora, taa ya sanduku, au chaja ya simu. Zima kila kitu, funga milango, fungua hasi cha betri, uweke mita ya ampea katikati ya kichwa na waya. Usipime hivi ukiwasha stata, utaiunguza mita. Isizidi ampea 0.05. Ikizidi, toa fyuzi moja moja mpaka mita ishuke. Fyuzi hiyo ndiyo itakayokuonyesha mwizi.

Na betri za kuongeza maji ziongezwe maji safi ya betri yanunuliwayo dukani. Maji ya kisima, hasa haya yetu yenye chumvi, huharibu betri.

MWENDEE FUNDI UKIWA NA HABARI

Si lazima mkulima awe fundi. Lakini mkulima mwenye daftari na vipimo viwili hawezi kudanganywa upesi, naye fundi mwema hufurahi kupata habari kamili. Usimwambie, "Betri yangu mbovu." Mwambie, "Juzi nikiwa kwenye mawe, altaneta ilikuwa na 14.3 na betri 12.3." Maneno hayo machache yatamwokoa fundi kazi ya siku nzima, nawe yatakuokoa bei ya mbuzi wanne.

Mzee wa Bamba sasa ana mita ndani ya kisanduku cha pikapu, imefungwa katika kitambaa. Kila Jumamosi jioni hufungua boneti, hutikisa waya, hutazama mkanda na kupima betri. Majirani humcheka kidogo. Yeye hujibu, "Nyinyi ndio mtakaobisha hodi usiku." Usipoziba ufa utajenga ukuta, basi tuzibe ufa mapema, ili hodi ikipigwa, gari liwake.